Ugenini ni Salama, Lakini kwa Nani?

Ndugu msomaji, majuma matatu yaliyopita nilialikwa katika karamu ndogo ya arusi mtaani kwetu Magomeni. Pilau ilipokwisha kuliwa na vijana wakawa wanakunja majamvi, tulibaki barazani watu wazima wachache, wanaume kwa wanawake, tukinywa kahawa. Miongoni mwetu alikuwapo ndugu mmoja aliyekuja likizo kutoka Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako huu ni mwaka wake wa tisa akifanya kazi ya uhandisi. Kama ilivyo ada yetu, msafiri aliombwa asimulie.

Hakusimulia habari za majumba wala magari. Alisimulia habari za kufuli. Alisema kwamba huko aliko watoto wake hucheza nje hadi usiku wa saa nne, na mkewe hutoka peke yake kwenda dukani saa ambayo hapa kwetu hata mbwa wamekwisha kujikunyata. Aliwahi kusahau mkoba wenye fedha juu ya meza ya muuza duka, akarudi kesho yake akaukuta umewekwa kando ukimngoja. "Lakini hapa nyumbani," akasema, huku mkono wake ukipapasa mfuko kuhakikisha kwamba simu bado imo, "tangu niteremke uwanja wa ndege moyo haujatulia. Kaka yangu kanionyesha nondo mpya alizotia madirishani kwa furaha ile ile ambayo mtu humwonyesha mgeni mtoto mchanga." Tulicheka sote, kila mmoja akikumbuka nondo zake.

Hapo ndipo jirani yangu mmoja, mama mjane ambaye huuza chapati na vitumbua alfajiri, alipoweka kikombe chini. Binti yake mkubwa amepatiwa na wakala kazi ya utumishi wa nyumbani huko huko Muscat, na siku za safari zilikuwa zikihesabika. Akauliza, "Kwa hiyo, kaka, mwanangu akifika huko nisiwe na wasiwasi?"

Yule ndugu akamjibu kwa moyo mweupe, "Usiwe nao hata chembe, dada. Kule ni salama kuliko hapa."

Mimi nilikuwapo nami sikusema neno. Nilikunywa kahawa yangu. Katika safu ya leo nataka kulipa deni la ukimya ule, kwa sababu jibu alilopewa yule mama lilikuwa la kweli tupu, na pamoja na ukweli wake halikuwa jibu la swali aliloliuliza.

Kwanza tumpe mhandisi haki yake. Kila mwaka hutolewa orodha za miji zinazotokana na maoni ya wakazi wenyewe, wenyeji na wageni, ambao huulizwa kama wanaogopa kutembea usiku, kuibiwa au kushambuliwa. Miji ya Ghuba haikosi kuwekwa juu. Abu Dhabi imekaa kileleni kwa miaka mingi, na Doha na Muscat haziko mbali nayo. Mtu aliyetoka London, Chicago, Johannesburg au Dar es Salaam akahamia huko kwa kazi ya mshahara mnono, aghalabu husema lile lile alilolisema ndugu yetu, kwamba amejifunza upya kutembea bila kugeuka nyuma. Hadanganyi. Polisi wa kule wanaonekana, adhabu ni kali, na watu hawana mazoea ya kugusa kisicho chao.

Lakini iko sababu nyingine ambayo wasimulizi wetu huiruka. Wakazi wa Oman ni kama milioni 5 tu, na zaidi ya theluthi moja yao ni wageni. Mgeni anaishi huko kwa kibali. Akipigana, akiiba, hata akizua kelele zisizotakiwa, kibali kinafutwa naye anatiwa ndegeni. Basi sehemu ya ule utulivu ambao mgeni anaufurahia imenunuliwa kwa hofu ya mgeni mwenzake. Mjenzi kutoka Bangladesh na dereva kutoka Pakistan wanatembea kwa adabu barabarani kwa kuwa ni waungwana, naam, lakini pia kwa kuwa nyuma yao wako watoto na madeni ambayo hayaruhusu kosa hata moja. Jiji letu lenye watu zaidi ya milioni 5 halina pa kumfukuzia kibaka wake. Kibaka wetu ni wetu; alizaliwa Manzese au Tandika, na akitoka kifungoni anarudi pale pale.

Tena hisia ya usalama yenyewe ni kitu cha ajabu kidogo. Mimi nikitoka Magomeni kwenda Kariakoo kwa miguu, kila kona inanisimulia habari. Hapa mpwa wangu aliporwa saa. Pale bibi mmoja alivutwa mkoba na pikipiki akaburuzwa. Mbele kidogo mwenye duka alivunjiwa mara mbili katika Ramadhani moja. Njia ya kilomita mbili imejaa makaburi yasiyoonekana. Siku nilipotembea katika mji wa kigeni kwa mara ya kwanza, kona hazikuwa na habari yoyote kwangu, nami nikazipita nikipiga mluzi. Yamkini mwenyeji aliyeniona alitikisa kichwa. Mgeni ana macho lakini haoni, walisema wazee, na mara nyingi asichokiona hakimwogopeshi.

Na kinyume chake pia ni kweli, kwamba asichokijua mtu chaweza kumwogopesha kupita kadiri. Mwanzoni mwa mwaka 2015 uvumi tu kwamba kundi la vijana walioitwa Panya Road lilikuwa likija ulitosha kufungisha maduka na kuwakimbiza watu katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, pamoja na mitaa ambayo hakuna kijana yeyote mwenye panga aliyekanyaga. Kwa hiyo mtu akisema "najisikia salama" au "sijisikii salama," hatujapewa bado idadi ya wezi. Tumepewa habari za mtu huyo: anakaa wapi, anajua nini, na nani anamlinda.

Tuitazame basi nyumba moja ya upande wetu, ili tusionekane tunasema ya wenzetu tu. Nenda Masaki au Oysterbay, ambako wataalamu wa kigeni wengi wanaishi. Utaona ukuta mrefu, juu yake waya wa umeme, langoni askari wa kampuni ya ulinzi, na kibao chenye picha ya mbwa. Mwenye nyumba huandikia jamaa zake kwamba anaupenda mji huu na watu wake wakarimu, ila usiku hathubutu kutembea. Pengine kwao Stockholm au Toronto hutembea. Yeye anaiogopa njia lakini anaiamini nyumba. Askari wake, kwa upande mwingine, hukesha nje ya mlango wa chuma, na alfajiri huanza safari ya kurudi Mbagala akiwa na nauli tu mfukoni. Usalama wa mmoja umejengwa kwa usiku wa mwenzake.

Jambo hilo lilionekana kwa uchungu tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliokuwa Oysterbay uliposhambuliwa kwa bomu, siku ile ile ambayo wa Nairobi ulishambuliwa na kuua watu zaidi ya 200. Hapa Dar es Salaam waliuawa watu 11. Hakuna Mmarekani miongoni mwao. Walikufa walinzi wa langoni na watu wengine ambao riziki yao iliwaweka upande wa nje wa ukuta. Ukuta ulifanya kazi uliyojengewa.

Sasa, ndugu msomaji, nenda nami Muscat, ufikirie ukuta mwingine. Nyumba nyingi za watu wenye nafasi zimezungushiwa ua mrefu kwa ajili ya faragha, jambo ambalo ni heshima na halina ubaya wowote. Ndani ya ua ule ndimo atakamofanya kazi binti wa jirani yangu. Atalala humo, atakula humo, na kama mwenye nyumba hapendi atoke, basi hatatoka. Ile njia iliyo salama ambayo mhandisi aliisifu, yenye taa na polisi na watoto wachezao hadi saa nne ya usiku, huenda akaiona kutoka dirishani. Mtaalamu wa Masaki anaogopa njia na kuiamini nyumba. Kwa mtumishi wa Muscat njia haina neno, na yote yatategemea nyumba.

Sisemi kwamba nyumba zote ni mbaya. Hilo lingekuwa ni kuwasingizia watu ambao tunao undugu nao. Waomani wengi walizaliwa au kulelewa Zanzibar, na wengi walirejea Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kiswahili kinasikika Muscat katika maofisi na sokoni, na mtumishi kutoka kwetu yaelekea kukutana na bibi wa nyumba atakayemwuliza habari za Mwembetanga. Tunawafahamu wanawake waliokwenda wakafanya kazi kwa heshima, wakarudi na kujenga nyumba za matofali Tanga na Singida. Lakini mtu akibahatika hatuwezi kusema kwamba alilindwa.

Kinachotakiwa kueleweka ni utaratibu uitwao kafala. Katika utaratibu huu mgeni huingia nchini kwa udhamini wa mwajiri, naye mwajiri ndiye kafili wake. Kibali cha kuishi kinashikamana na jina la mwajiri huyo. Mtumishi akiikimbia nyumba kwa sababu anapigwa au halipwi, mwajiri anaweza kwenda kutoa taarifa kwamba mtumishi wake ametoroka, na tangu hapo aliyedhulumiwa ndiye mwenye kosa la kisheria. Oman ililegeza sehemu ya utaratibu huo kuanzia Januari 2021, ambapo mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake aliruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ridhaa ya yule wa kwanza. Ni hatua. Lakini mkataba wa miaka miwili una siku zaidi ya 700, na taabu za nyumbani hazingoji mkataba uishe.

Mwaka 2017 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha taarifa kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na katika Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50. Karibu wote walieleza kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na mwajiri au wakala. Walieleza siku za kazi zisizo na mwisho, wengine hadi saa 21 kwa siku, bila siku ya kupumzika. Baadhi walinyimwa mishahara, baadhi walipigwa, baadhi waliingiliwa na wanaume wa nyumba. Wanawake 50 si wote waliokwenda, nami sisemi kwamba kila nyumba ni kama zile. Nasema tu kwamba haya yalitokea katika miji ambayo wataalamu wanaitaja miongoni mwa miji salama kabisa duniani, na mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Mhandisi wetu anafanya kazi mahali penye wenzake mia. Asipoonekana asubuhi moja, ataulizwa. Mkataba wake upo ofisini, mshahara wake hupitia benki, na jioni anarudi kwenye nyumba yenye mkewe na ufunguo wake mwenyewe. Binti wa jirani yangu asipoonekana, nani atauliza?

Katika mitaa yetu, tangu chama cha TANU kilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, tumezoea kwamba mgeni akilala kwa mtu, balozi anajua. Wengine waliuona utaratibu ule kuwa ni upelelezi, nao walikuwa na hoja yao. Lakini ulikuwa na faida moja ambayo hata majirani zetu Wakenya waliikumbuka mwaka 2013 walipoanzisha Nyumba Kumi yao baada ya shambulio la Westgate: mtu akipiga kelele usiku, liko sikio lililo karibu ambalo linawajibika kusikia. Hapa Magomeni sisi tunaibiwa, hilo sikatai, wala sitaki kumficha mtu. Lakini mke wa mtu akipigwa chumba cha pili, asubuhi barazani mume huyo hatazamiki usoni. Mtoto wa kazi akilia, mama muuza chapati anapita kuuliza kuna nini. Mara nyingine hata anapita bila kisingizio, kwa udaku tu, na udaku huo umekwisha kuokoa watoto wengi kuliko tunavyokiri.

Mataifa mengine yamejaribu kulipeleka sikio hilo hadi ugenini. Mwaka 2018, baada ya maiti ya mtumishi mmoja wa Kifilipino kukutwa katika jokofu la nyumba iliyohamwa huko Kuwait, serikali ya Ufilipino ilizuia wafanyakazi wake wapya kwenda nchi hiyo. Zuio hilo halikuondolewa mpaka pande mbili zilipotia sahihi mapatano mwezi Mei mwaka huo, ambayo pamoja na mambo mengine yaliwakataza waajiri kuwanyang'anya watumishi simu na pasipoti. Simu na pasipoti! Mtu aweza kudhani ni mambo madogo kwa mapatano ya serikali mbili. Mtumishi aliye ndani ya ua hayaoni madogo. Hata Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unaeleza wazi kwamba mtumishi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za safari mwenyewe, kwamba siku yake ya mapumziko hawezi kulazimishwa kuikalia ndani ya nyumba ya kazi, na kwamba mapumziko hayo ya juma yasipungue saa 24 mfululizo.

Siku ya pili baada ya karamu nilikwenda kwa jirani yangu kumweleza haya, kwa ufupi na kwa aibu kiasi, maana nilikuwa nimechelewa. Hakunikatiza. Aliendelea kukanda unga. Nilipokwisha kusema akaniuliza swali ambalo mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, sikuwa nimelifikiria: "Nyumba yenyewe ni ya nani?"

Jioni ile tulikwenda pamoja kwa mhandisi. Mama yule akamwuliza vile vile, "Kaka, nyumba anayokwenda mwanangu unaijua?" Ndugu yule alinyamaza kitambo, kisha akaomba aone mkataba. Binti akaleta karatasi mbili. Kulikuwa na jina la wakala wa hapa, sanduku la posta, kiasi cha mshahara na sehemu ya kutia sahihi. Jina la mwajiri halikuwamo, wala mtaa, wala nambari ya simu ya Muscat. Siku ya mapumziko haikutajwa. Mhandisi aliigeuza karatasi upande wa nyuma mara mbili, kama mtu anayetafuta kilichoanguka.

"Pasipoti iko wapi?" akauliza.

Binti akajibu kwamba iko kwa wakala, tangu siku ya kujiandikisha, kwa usalama.

Sitamtaja wakala huyo, kwa kuwa sijui kama yeye ni mbaya kuliko wenzake. Nitaeleza tu kwamba mama alikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa pasipoti imepelekwa ubalozini. Mara ya pili aliambiwa alipe kwanza gharama za maandalizi. Mara ya tatu alifuatana na mhandisi, aliyevaa shati lake la kazi lenye nembo ya kampuni, na pasipoti ikapatikana katika mtoto wa meza. Mhandisi alirejea Muscat Jumatano iliyofuata. Aliondoka na ahadi kwamba wakala wa hapa akitoa jina la mwajiri na anwani, yeye mwenyewe na mkewe watakwenda Ijumaa moja kubisha hodi kwenye nyumba hiyo kabla binti hajapanda ndege, na kwamba baada ya hapo watabisha kila mwezi, watake wasitake wenye nyumba. Anwani haijatolewa hadi leo ninapoandika. Wakala anasema mfanyakazi huambiwa akifika.

Pasipoti imo katika mkebe wa fedha za chapati, chini ya kitanda cha mama. Binti ana hasira nasi. Alikuwa amekwisha kuwaaga rafiki zake, na anajua vizuri kuliko mimi kwamba vitumbua haviwezi kumsomesha mdogo wake wa kidato cha pili. Tangu siku ile hunisalimu kwa "shikamoo" ya haraka, akitazama pembeni. Asubuhi hupanga chapati mbele ya nyumba yao, chini ya taa ya umeme iliyofungwa kwa waya wa kujikinga na wezi wa balbu, nami hununua mbili na kulipa bila kudai chenji.